Sikio la Shoptikol

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, imamu wetu, wakwe zetu wa mjini, na nyinyi nyote mlioipita barabara ile ya tope mpaka mkatufikia, familia imeniomba mimi, Esengeldi, mdogo wake mjane, nisome maisha ya shemeji yangu, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba utani wetu wa mashemeji, tulioanza nikiwa mtoto wa miaka kumi, usikatizwe leo kwa sababu tu mmoja wetu amenyamaza.

Marehemu Sagindik Tolegen alizaliwa tarehe 12 Novemba 1953 katika kambi ya baridi ya Karasu, upande wa kusini wa ziwa letu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Tolegen, mchunga farasi, na mama Biken, na wa kwanza kati ya wote kuishi, ndiyo maana akapewa jina hilo la Sagindik, yaani tuliyemngoja kwa hamu. Alianza shule hapa Shoptikol mwaka 1961, akamaliza darasa la nane mwaka 1969 akiwa bwenini huko wilayani, na kwa masomo hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila alikuwa na kipaji kimoja kilichowatesa walimu, kuiga sauti, hata siku moja alikohoa nyuma ya mlango kama mwalimu mkuu, darasa zima likasimama wima, na mwalimu aliyekuwa akifundisha akasimama pia.

Mwaka 1971 alihitimu mafunzo ya udereva wa kombaini mjini Kostanay, akatumikia jeshi kuanzia Novemba 1972 hadi Desemba 1974, akarudi nyumbani na kuajiriwa katika shamba la serikali, na liliposambaratika mwaka 1997 aliendelea kuvuna ngano kwa wenye mashamba mapya hadi alipostaafu mwaka 2011. Waliokuwa kazini naye wako hapa, wanajua kombaini za zamani zilivyokuwa, kibanda cha bati, injini chini ya makalio, vumbi mpaka kwenye meno, na kelele ambayo mtu aliendelea kuisikia hata akishafika kitandani. Kelele ile ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wake, na ndiyo iliyomtafuna sikio taratibu bila yeye kujua.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na dada yangu Kalamkas, na kwa kuwa mdogo wa bibi harusi hapishi mlangoni mpaka apewe kitu, nilimzuia bwana harusi nikadai farasi, akanipa kisu cha kukunja, nikampisha, na mpaka leo nasema nilipunjwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Shinar aliyezaliwa mwaka 1978, Dulat mwaka 1981 na Sholpan mwaka 1986, wote wako hapa mbele yenu, pamoja na wajukuu saba, na dada yangu amekaa ndani na akina mama, mnamsikia anavyolia.

Sasa naingia katika jambo ambalo wengi mmekuja mkilijua nusu, na familia imetaka lisomwe lote.

Wakwe zetu wa mjini mniwie radhi, wenyeji wanayajua haya. Kila vuli bata bukini wakishuka kutoka kaskazini, hulala ziwani na alfajiri huruka kwenda kula kwenye mabua ya ngano, nasi huwangoja huko tukiwa tumelala mashimoni. Wengi wao ni wale tunaowaita paji-jeupe, kwa ile alama nyeupe juu ya mdomo, na hao sheria inaturuhusu, nyama yao ndiyo akiba ya baridi, mafuta yao ni dawa ya kifua, na manyoya yao ndiyo mito ya mabinti wanaoolewa. Lakini katika makundi hayo hayo hupita shikildak, mdogo kidogo, adimu, aliyeandikwa katika Kitabu Chekundu cha wanyama wasioguswa, na balaa lake ni kwamba naye ana paji jeupe. Ana duara la manjano kuzunguka jicho, kweli, lakini ukiwa karibu kiasi cha kuliona duara hilo, mara nyingi tayari umemshika miguu, amekufa. Hewani anajulikana kwa sauti tu, kwani mwenzake anacheka kwa sauti nene, na yeye analia kwa sauti ya juu, nyembamba, kama bawaba isiyotiwa mafuta, na jina lake hasa maana yake ni hiyo, mwenye kukwaruza.

Sisi watu wa Shoptikol, tangu babu zetu, tulikuwa tukisema paji-jeupe kwa wote wawili, na jina likishakuwa moja macho nayo huona ndege mmoja. Vuli ya mwaka 1998 mkaguzi wa wanyamapori alimwaga magunia yetu kando ya barabara, akamwinua ndege mmoja mdogo, akamgeuza kichwa, akauliza ni wa nani, na Sagindik akajibu, "Wangu. Paji-jeupe huyo, ila bado kijana." Mkaguzi akamwonyesha jicho. Ziwa likafungwa vuli mbili, na lilipofunguliwa tuliambiwa waziwazi kwamba akiuawa shikildak mwingine hakutakuwa na kufungua tena, si kwa mjukuu wala kwa kitukuu.

Katika vuli zile mbili, huku kijiji kizima kikimtupia maneno, shemeji alikwenda ziwani kila alfajiri bila bunduki, akalala mashimoni peke yake akisikiliza, akarudi nyumbani na kuigiza sauti zote mbili jikoni mpaka dada yangu akamtishia kwa mwiko. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wazee wetu walijua hivyo, kwa hiyo mwaka 2000 walimwita wakampa kazi ambayo haipo kijiji kingine ninachokijua, wakamfanya Sikio. Sikio hashiki bunduki. Sikio hulala shimo la kati, husikiliza kundi linalokuja, na hutamka neno moja tu, "Haya" au "Acha", na kabla ya neno hilo hakuna kidole kinachogusa chuma, awe mzee, awe mgeni, awe nani. Alifanya kazi hiyo vuli baada ya vuli, mkaguzi akamwaga magunia yetu kila mwaka asikute kitu, na fungu la kwanza la nyama likaenda nyumbani kwa Sagindik.

Mwaka 2017, mwishoni mwa Septemba, dada yangu alinijia zizini akiwa na wasiwasi, akaniambia, "Esengeldi, birika linapiga mluzi mpaka linakauka, na mwanamume amekaa pembeni yake anakunywa chai. Mjukuu kalia chumbani, hakugeuka. Nikimuuliza ananiambia nina maneno mengi." Nikamwambia hayo ya maneno mengi ni kweli, lakini hatukucheka. Akaniomba nilale shimo moja na mumewe, nami nikafanya hivyo.

Tarehe 8 Oktoba ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya bukini kupungua, na Temirtas, rafiki yake marehemu tangu darasa la kwanza, ambaye yuko hapa, alikuwa anamwoza binti yake wiki ile na alishawaahidi wakwe nyama ya bukini. Tulikuwa watu tisa mashimoni, na wakati wa kutoka wake zetu walituombea kama ilivyo desturi, kamba za matandiko yenu na zipakwe mafuta ya mawindo, na mafuta yalikuwa yanahitajika kwelikweli, maana vuli ile tulikuwa hatujapata kitu cha maana. Ukungu ukashuka. Haukuwa ukungu wa kuonea mbali kidogo, ulikuwa ukungu wa kutoiona buti yako mwenyewe, na katika ukungu wa namna hiyo macho ya watu tisa hayana kazi, kila kitu kinabaki kwa Sikio.

Nikamnong'oneza, "Shemeji, unasikia sawasawa?" Akajibu bila kunitazama, "Nasikia unavyonisumbua."

Kundi la kwanza lilikuja kutoka upande wa matete, tukawasikia wakicheka juu yetu, na Sagindik akainamisha kichwa, akafumba macho, akangoja, akasema, "Acha." Kundi likapita. Sauti ya Temirtas ikatoka kwenye ukungu, "Sawa, wewe ndiye Sikio." La pili likapita chini zaidi, akasema tena, "Acha," na safari hii nikasikia watu wakigeuka mashimoni mwao, na Temirtas hakunong'ona, alisema, "Wewe Sagindik, umekuja kuwinda au kuwapungia mkono?" Mwingine akadakia, "Labda leo wote wamekuwa shikildak!" Wakacheka, kicheko cha watu wenye baridi na hasira. Mimi nilikuwa namtazama shemeji usoni, na jasho lilikuwa linamtoka, jasho, katika baridi ile ya kuganda mate, na mkono wake ulikuwa umekamata ukingo wa shimo kama mtu aliye juu ya farasi asiyemjua.

Kisha likaja kundi la tatu, na hilo halikuwa kundi, ilikuwa mbingu nzima imeamua kutua kwenye mabua yetu. Tuliwasikia wakizunguka mara moja, wakazunguka tena, wakashuka, mpaka sauti za mbawa zikawa zinatupiga masikioni, na kwenye ukungu vivuli vikaanza kuonekana, vikubwa, vya karibu, vya kupigwa hata na kipofu. Nikasikia bunduki zikiondolewa kizuizi cha usalama, moja, nyingine, nyingine. Temirtas akaita, "Sagindik! Sema!" Akarudia, "Sema, mwanamume, wanatua!" Nikaona midomo yake inafunguka, na baadaye aliniambia kwamba neno lililokuwa ulimini ni "Haya", kwa sababu alichokisikia kilikuwa sauti nene tupu, safi, bila bawaba hata moja, kisha akakumbuka kwamba mwaka mzima uliotangulia pia hakuwa amesikia bawaba hata moja, na haiwezekani shikildak wote wa dunia wawe wamehama njia.

Akapanda juu. Nilimshika koti, likabaki mkononi mwangu, yeye akatoka shimoni na shati lake, akakimbilia mbele ya mitutu yote ile akipunga mikono na kupiga kelele, na bukini wakaondoka kwa kishindo kilichotumwagia umande usoni, wakaingia kwenye ukungu.

Temirtas alikuwa amesimama, bunduki begani, na mtutu ulikuwa umeelekea kifuani mwa shemeji. Akaushusha polepole, akapiga kelele, "Una wazimu? Ningekuua!"

Sagindik akamjibu akihema, "Mimi ungeniua tu, mimi simo katika Kitabu Chekundu."

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo kama mtu aliyefika msibani, akasema, "Sisikii. Zile nyembamba sizisikii tena. Tangu mwaka jana. Nilidhani mafua, nikadhani nta, nikajidanganya kila ninachoweza kujidanganya nacho. Nasikia nene tu." Temirtas akauliza, "Sasa hawa walikuwemo au hawakuwemo?" Sagindik akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Niambieni nyinyi. Mna masikio kumi na sita mazima. Mlisikia nini?"

Ndugu zangu, hapo ndipo tulipojijua. Watu wazima tuliozaliwa kando ya ziwa hili tuliangaliana, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu, kwa sababu kwa miaka yote ile tulikuwa hatusikilizi bukini, tulikuwa tunamsikiliza Sagindik. Tulikuwa tumempa sikio letu alitunze, naye alilitunza mpaka likamfia mikononi.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa mabaya kwake. Harusi ya binti Temirtas ililiwa kondoo, Temirtas akaacha kumsalimia dukani, na watoto wa shule, ambao hawana huruma popote duniani, wakamwita kiziwi wa ziwa. Hofu yake haikuwa jina lake, nasema hivi kwa kuwa nilikaa naye jioni nyingi, hofu yake ilikuwa kwamba vuli itakuja, watu wataingia mashimoni na neno paji-jeupe lile lile la zamani, bila sikio, na mtu atamwangusha shikildak, ziwa litakufa kwetu na wajukuu watauliza nani alilifunga.

Basi Februari ya mwaka 2018 akawaita wawindaji wote nyumbani kwake, na nusu yao wakaja kwa udadisi, na akaanza kuwafundisha kwa mdomo wake ile sauti asiyoweza kuisikia. Alikuwa akivuta pumzi, akilia, kisha akimtazama dada yangu, na dada yangu, aliyeisikia jikoni tangu zile vuli mbili, kabla sikio halijaharibika, alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Chini. Panda," au "Sasa umezidi, huyo ni paka." Mmeona mambo duniani, lakini hamjawaona wanaume wazima wenye ndevu wamejipanga sebuleni, sahani ya maandazi ya baursak katikati, wanalia kama bawaba, mwanamke anawasahihisha na kuwafelisha. Mimi alinifelisha mara nyingi kuliko wote, na ni dada yangu wa tumbo moja. Temirtas alikuja mwisho, Machi, akasimama mlangoni akasema amekuja kunywa chai tu, akanywa, akakaa mpaka watu wakaondoka, na mwishoni akalia kama bawaba mara moja, kwa aibu, akitazama ukutani, na dada yangu akasema, "Rudia."

Vuli ile tuliingia mashimoni na desturi mpya, kwamba Sikio si mtu mmoja tena, ni sote, na yeyote mwenye shaka, hata mmoja, akisema "Acha", imekwisha. Tulirudi na bukini wachache kuliko zamani, mkaguzi akamwaga magunia, akageuza vichwa vyote, akayafunga tena, na ndivyo ilivyokuwa kila mwaka mpaka mwaka huu. Ziwa liko wazi.

Kuhusu kuugua kwake, marehemu alianza kukohoa Novemba 2021, mwanzoni tukisema ni vumbi la ngano limedai deni lake, lakini Machi 2022 madaktari wa Kostanay walithibitisha kwamba mapafu yote mawili yameharibika, na tangu hapo akawa mtu wa kulazwa na kuruhusiwa, kulazwa na kuruhusiwa, mpaka tarehe 11 Septemba mwaka huu wa 2023 alipolazwa mara ya mwisho hospitali ya wilaya.

Huko hospitali, kila niliyemkuta kitandani kwake aliniambia jambo lile lile, kwamba anauliza kuhusu kundi lile la ukungu. Alimuuliza Dulat, akaniuliza mimi, "Esengeldi, walikuwemo?" Nikamwambia, "Shemeji, sijui, nilikuwa nimeshika koti lako." Alikuwa anakubali, kisha kesho yake anauliza tena, kwa kuwa alijua alichotunyima siku ile, nyama na harusi na urafiki, na hakujua kama alitunyima bure, na mtu anayekwenda anataka kujua. Nikatamani kumdanganya, nikashindwa, kwa sababu alinijua mno.

Wiki moja kabla hajafariki Temirtas aliniomba nimpeleke. Aliingia wodini na kofia mkononi, akaketi, akamsogelea sikioni, akasema kwa sauti ya kuita ng'ombe, wodi nzima ikageuka, "Sagindik! Wale wa kwenye ukungu! Walikuwemo! Niliwasikia mimi mwenyewe, wengi, wanakwaruza kila mahali, nikanyamaza kwa sababu ya hasira!"

Shemeji alimtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata na muuguzi akaja mbio, na pumzi iliporudi akasema, "Muongo wewe. Mkeo akikuita ule, husikii." Temirtas akasema, "Walikuwemo." Sagindik akamshika mkono, akasema, "Basi walikuwemo," na hakumuuliza mtu tena.

Alifariki tarehe 3 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, dada yangu akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya na wa Kostanay, waliomvumilia mgonjwa aliyewasikia pale alipotaka tu, inawashukuru majirani waliochinja, waliopika na waliofungua nyumba zao kwa wageni, inawashukuru madereva wenzake wa kombaini waliochimba kaburi kwa mikono yao, na inamshukuru Temirtas, aliyekwenda wodini kusema uongo ule mmoja, na ambaye tangu juzi amekaa na jeneza hajaondoka.

Nenda, shemeji, umepita salama mbele ya mitutu yetu yote, Mwenyezi Mungu akupokee, na udongo wa Shoptikol ukulalie laini kama hariri.